Kabla uniambie "pip install", niambie Python inatafuta wapi

Wasee, leo sina video ya kuchekesha. Nimekasirika, na nimeamua kuandika kwa sababu nikifungua kamera nitapiga kelele na mama amelala.

Wiki jana dogo mmoja wa jirani, Form Three, alikuja kwetu na laptopu. Laptopu yenyewe ni ya mjomba wake, betri ilikufa zamani, inaishi kwa waya. Alikuwa ameandika mchezo: kompyuta inachagua nambari kati ya 1 na 100, wewe unakisia. Mistari kama kumi na tano hivi. Kazi safi, hata mimi nikiwa Form Three sikuwa hapo. Shida ni moja: kila akiuendesha, Python inamwambia ati random haina kitu kinaitwa randint.

"Bro, nimejaribu siku tatu," akaniambia. "Bando yote ya wiki imeisha."

Nikamuuliza alifanya nini siku hizo tatu. Skizeni.

Aliuliza kwa grupu moja kubwa ya watu wa programu. Mtu wa kwanza akamjibu: pip install random. Akajaribu, pip ikakataa, kwa sababu random haiwekwi na pip, inakuja na Python yenyewe. Wa pili akamwambia atoe Python yote aiweke upya. Akaitoa, akaishusha tena. Haikusaidia, akarudia mara ya pili. Na wakati hotspot iko wazi, Windows nayo ikaona intaneti, ikaanza kujishushia masasisho yake kimyakimya. Hapo ndipo bando ilienda. Wa tatu akamwambia aachane na random, atumie numpy, "ndio watu serious wanatumia." Wa nne akamtumia emoji ya kucheka.

Watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyemuuliza swali lililohitajika: faili yako umeiita nani?

Aliiita random.py.

Nikabadilisha jina, ikawa kisia.py. Ikafanya kazi. Sekunde kumi, megabaiti sifuri.

Mlitarajia aruke kwa furaha? Alinyamaza, halafu akasema, "Nilikuwa nimeanza kufikiria hii maneno si ya watu wa huku." Hiyo sentensi ndiyo imenikosesha usingizi. Mtoto mwenye akili, ameandika programu sahihi, siku tatu anaamini yeye ndiye mjinga, kumbe wajinga ni wale waliomfundisha kutafuta msaada kabla hawajamfundisha Python inatafuta nini na wapi.

Sasa wacha niseme ninachotaka kusema. Nyinyi mnaotufundisha kuandika programu, kwa video, kwa bootcamp, kwa grupu, hata darasani: mmeigeuza pip install kuwa neno la mganga. Kitu kikikataa, pip install. Kikikataa tena, pip install ingine. Na hamjawahi kutumia dakika tano kutueleza Python ikisoma neno import inaenda wapi. Dakika tano tu. Nitazitumia mimi sasa hivi, bure.

Fikiria umesimama kwa mlango wa nyumba yenu hapa Burat ukaita, "Halima!" Halima wako wengi. Kuna dada yako, kuna wa duka, kuna yule wa Isiolo mjini. Nani ataitika? Aliye karibu zaidi. Kama ulikuwa unamtaka wa mjini, pole, dada yako ashafika na anauliza unataka nini.

Python iko hivyo hivyo. Ukiandika import random, kwanza inaangalia kama ishaibeba moduli ya jina hilo tangu programu ianze. Kama iko, inakupa hiyo hiyo bila kutafuta. Kama haiko, inaangalia zile chache zilizoshonwa ndani ya Python yenyewe, kama sys. Halafu sasa inaanza kutembea kwa orodha inayoitwa sys.path, folda moja baada ya nyingine, kutoka juu kwenda chini. Ya kwanza kabisa kwa hiyo orodha ni folda ambayo programu yako imekaa. Kisha folda ulizoongeza mwenyewe kwa PYTHONPATH, kama uliongeza. Kisha maktaba sanifu, yaani moduli zilizokuja na Python. Mwisho kabisa inafika site-packages, pale pip inapoweka vitu vyake.

Ikipata jina, inasimama hapo hapo. Haiendi kuangalia kama mbele kuna mwingine mzuri zaidi.

Kwa hivyo random.py ya dogo ilikuwa Halima wa nyumbani. Programu ilijiita yenyewe, ikajipata bado haijamaliza kusomwa, na randint ndani haimo. Python hata ilimwambia kwamba moduli ilikuwa imeanzishwa nusu. Maneno yalikuwa kwa skrini! Lakini hakuna aliyemfundisha kusoma mstari wa mwisho wa kosa. Walimfundisha kuunakili na kuubandika kwa grupu.

Na hii si siri ya wazee wa kazi. Ni kosa la kawaida kiasi kwamba watengenezaji wa Python, kwenye toleo la 3.13 la Oktoba 2024, waliongeza ujumbe unaokuambia wazi kwamba faili yako ina jina sawa na moduli ya maktaba sanifu, fikiria kuibadilisha. Yaani mashine imekubali kufundisha kitu ambacho walimu wamekataa kufundisha.

Mkitaka kujua kitu kimetoka wapi, kuna mstari mmoja:

print(random.__file__)

Itakuonyesha njia nzima ya faili. Ikikuonyesha folda ya mchezo wako badala ya folda ya Python, kesi imeisha. Na ukitaka kuona orodha yote, import sys halafu print(sys.path). Hizo amri mbili zingemwokoa dogo siku tatu.

Najua kuna msee tayari anaandika hapo chini: "Lakini beginner hahitaji hizo details, mpe kwanza kitu kifanye kazi apate moyo." Nimeisikia hii mara nyingi na kuna ukweli ndani yake. Hata mimi sikuanza na sys.path, nilianza na turtle nikachora nyota. Lakini hiyo hoja ina kitu imeficha. Inadhani kujaribu ni bure. Kwako wewe mwenye fiber kwa nyumba, pip install tano zisizo na maana ni dakika mbili. Kwa dogo ni bando ya wiki. Kosa lile lile, bei tofauti. Wewe unalipa kwa kupumua kidogo, yeye analipa kwa pesa ambayo mama yake alitoa kwa nyanya.

Burat kwa wasiojua ni wadi iliyo nje kidogo ya mji wa Isiolo. Kuna mashamba ya nyanya na vitunguu yanayokunywa maji ya mto, kuna ngamia, kuna mbuzi, na kuna vijana wengi wenye simu nzuri kuliko mnavyodhani. Mtandao upo. Mnapenda kutuchora kama tunaishi pangoni, hapana. Tunachonunua ni kipande, si mfereji. Bando ya saa moja, bando ya siku. Ukinunua kitu kwa kipande, unataka kujua unakwenda kukitumia kwa nini kabla hujakifungua.

Na hata nyinyi wa Nairobi msijidanganye sana. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika, na intaneti ikaenda kwa magoti Kenya, Tanzania na majirani. Nakumbuka posti zenu siku hiyo. Wataalamu wakubwa walikaa wakisubiri pip.

Sasa ngoja niwape mfano ulioniumiza mimi mwenyewe, ndio msifikirie nasema tu ya wengine. Kuna mafunzo fulani niliingia, siwataji, ya kutumia AI. Siku ya kwanza, saa ya kwanza: pip install torch. Nilikuwa na Linux kwa laptopu kuukuu. Nikaandika. Nikaona faili inashuka, mamia ya megabaiti, nikasema sawa. Ikaisha, ikaanza zingine, majina yote yanaanza na nvidia. Bando ikakatika katikati.

Baadaye, baadaye sana, ndio nikajua: kwa Linux, amri hiyo ikiandikwa hivyo bila maelezo inashusha PyTorch pamoja na maktaba za kadi za NVIDIA, jumla inapita gigabaiti mbili. Laptopu yangu haina kadi ya NVIDIA. Haijawahi kuwa nayo. Nilikuwa nanunua tandiko la farasi ambaye sina. Na kuna toleo la CPU, dogo zaidi kwa mbali, liko kwa ukurasa wa PyTorch wenyewe, unachagua tu. Mwalimu alijua. Aliniambia, "Ah, hiyo, ndio, ungechagua CPU." Ungechagua! Nani alisema kuna kuchagua?

Kuna lingine dogo lakini linaudhi. Pip ikishusha kitu huwa inaweka nakala kwa kashe, ili siku nyingine ukikihitaji kwa mradi mwingine isishushe tena. Mtu mwema alifikiria watu kama sisi. Halafu unapata mafunzo ambayo yamenakiliwa kutoka kwa maagizo ya Docker, na ndani kuna --no-cache-dir. Hiyo inaiambia pip isitumie kashe. Mwanafunzi ananakili, kila mradi mpya anashusha upya vitu alivyonavyo tayari. Hakuna aliyemwambia hayo maneno yanafanya nini. Yako tu hapo kama hirizi.

Na mmeona ile "externally-managed-environment"? Tangu 2023, Debian na Ubuntu mpya zinakataa pip isiweke vitu ndani ya Python ya mfumo, kwa sababu hiyo Python inatumiwa na mfumo wenyewe. Ujumbe unakuambia utengeneze mazingira yako, python3 -m venv na jina. Venv si kitu kipya, iko ndani ya Python tangu 3.3, mwaka wa 2012. Na si uchawi: ni folda yenye site-packages yake, ili orodha ile ya kutafuta iishie kwako na si kwa mfumo. Lakini enda kwa video uone ushauri: "Weka tu --break-system-packages." Ndugu, jina la hiyo amri linasema VUNJA. Halafu mtoto wa watu mfumo ukigoma anaambiwa Linux ni ngumu.

Mpaka hapa nimeongea kuhusu pesa na moyo. Kuna kitu kibaya zaidi: usalama.

Jina unalompa pip si lazima liwe jina unaloandika kwa import. Unaweka opencv-python, unaandika import cv2. Unaweka Pillow, unaandika import PIL. Unaweka beautifulsoup4, unaandika bs4. Kwa hivyo mtoto akiona "No module named cv2" na amefundishwa wimbo mmoja tu, anaandika pip install na chochote anachokiona. Anabahatisha majina kwa ghala ambalo mtu yeyote duniani anaweza kuweka kitu. Na wezi wanajua watu wanabahatisha. Mwaka wa 2017 mamlaka ya usalama ya Slovakia ilitoa onyo kuhusu pakeji bandia ndani ya PyPI zilizopewa majina yanayofanana na ya kweli, kama urllib kwa anayetafuta urllib3. Mwisho wa Desemba 2022 hata PyTorch, toleo lao la kila usiku, lilikuwa likivuta pakeji ya mwizi kwa siku kadhaa, kwa sababu mwizi aliweka kwa PyPI jina sawa na pakeji yao ya ndani, torchtriton, na pip ikachukua ya PyPI. Halima si Halima, tena.

Na tangu kila mtu aanze kuuliza AI, imekuwa mbaya zaidi, kwa sababu hizi AI wakati mwingine hutunga majina ya pakeji ambazo hazipo. Mtafiti wa usalama, Bar Lanyado, aliona zinarudia jina huggingface-cli, akaliweka kwa PyPI likiwa tupu, aone tu. Ndani ya miezi mitatu lilishushwa zaidi ya mara 30,000. Lilikuwa tupu kwa sababu aliyeliweka ni mtu mzuri. Kama angekuwa mbaya je? Pakeji ikija kama msimbo wa chanzo inaweza kuendesha setup.py yake wakati wa kuwekwa, kabla wewe hujaandika import yoyote. Kwa laptopu ya mjomba. Yenye picha za vitambulisho vya familia nzima.

Mwaka wa 2022 KICD iliidhinisha mtaala wa kuandika programu kwa shule za msingi na sekondari. Nilifurahi kweli, na bado nafurahi. Lakini nawaomba walimu watakaoubeba huku kwetu: msituletee tabia za video. Anzeni na kilichomo. Python ikishawekwa tayari ina vitu kibao ambavyo havihitaji hata megabaiti moja zaidi. Ina csv, unaweza kuandika mauzo ya vitunguu ya mama. Ina sqlite3, hifadhidata nzima. Ina statistics, datetime, json, turtle kwa wanaopenda kuchora. Mtoto anaweza kujifunza muhula mzima bila kuandika pip. Siku atakayoihitaji, atakuwa anajua anaihitaji kwa nini.

Na siku hiyo ikifika, bado si lazima kila mtu ashushe kwa bando yake. Hapa ndipo nashangaa kwa nini hakuna mtu anatufundisha. Mtu mmoja anaenda mahali pana wifi, Isiolo mjini, anaandika:

pip download -d pakeji flask

Inashusha flask na kila kitu flask inachokihitaji, inaweka kwa folda inaitwa pakeji, haiweki popote pengine. Anaibeba kwa flashi. Akifika nyumbani, kila mtu kwa laptopu yake:

python -m pip install --no-index --find-links=pakeji flask

Hiyo --no-index inamaanisha usiende mtandaoni kabisa, tafuta tu kwa hii folda. Na niliandika python -m pip kwa makusudi: unakuwa na uhakika pip ni ya Python unayoitumia, si ya ile nyingine uliyoisahau humo ndani.

Jambo moja la kuchunga, nililijua kwa machungu. Angalia majina ya faili. Ikiishia na py3-none-any.whl, inaenda kwa mashine yoyote. Ikiwa na win_amd64, ni ya Windows pekee. Cp312 maana yake Python 3.12, si 3.11. Nilibeba numpy ya Windows kwenda kwa msee wa Linux, nikapanda boda, nikafika, nikarudi. Nauli yangu.

Hamna flashi? Weka hotspot ya simu, zima data. Aliye na folda aingie ndani yake aandike python -m http.server. Wengine waliounganishwa kwa hotspot hiyo wafungue anwani yake kwa brauza, namba ya mlango 8000, washushe. Hakuna bando inayoliwa, mnapeana tu hewani. Na hiyo http.server pia ilikuja na Python. Mkimaliza izimeni, isibaki wazi mtu akaanza kusoma folda zenu.

Sina ugomvi na pip. Pip ni kitu kizuri, nimekula nayo. Na sina ugomvi na wanaofundisha bure, wengine walinifundisha mimi. Ugomvi wangu ni na yule anayejibu "pip install" kwa swali ambalo hajalisoma, halafu akiambiwa haijafanya kazi anatuma emoji ya kucheka.

Wewe wa emoji, unajijua. Dogo alirudi jana. Ameongeza kwa mchezo: ukikisia mara saba ukose, inakuambia nambari ilikuwa gani na kuhifadhi jina lako kwa csv. Alikuja kuniuliza kama ni sawa kuita faili ya alama csv.py. Nikamwambia ajaribu aone, kisha aandike print(csv.__file__). Akaangalia skrini kidogo, akacheka, akabadilisha mwenyewe.

Jumamosi naenda mjini kushusha. Kama unataka kitu, niandikie jina lake kamili, toleo la Python yako na kama ni Windows au Linux. Ukiniandikia "nishushie ile ya AI," sijibu.